Mwendo wa Kila Siku kwa Mtu wa Tanga, Bila Jimu

Kila mwenye simu janja ameshaambiwa atembee hatua elfu kumi kwa siku. Wengi tunaishia elfu tatu na ushee, tunaona haya, tunaizima ile programu. Kabla hujaizima, ujue kwanza namba hiyo ilikotoka, maana haikutoka hospitali. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliingiza sokoni kidude cha kufunga kiunoni cha kuhesabu hatua, ikakitangaza kwa hatua elfu kumi. Namba ni nzima, inakaa kichwani, ikazunguka dunia.

Wataalamu walikuja kuipima baadaye sana. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake waliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, umri wao wa wastani miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ilipofika kwenye 7,500 hivi ikatulia. Mwaka 2025 Ding Ding wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walikusanya tafiti 57 na kuchapisha majibu katika jarida la Lancet Public Health: mtu wa hatua 7,000, akilinganishwa na wa hatua 2,000, hatari yake ya kufa mapema ilikuwa chini kwa asilimia 47. Kupita hapo faida huongezeka kidogo kidogo tu.

Hiyo 47 usiimeze nzimanzima. Tafiti za namna hii huwafuatilia watu na maisha yao, haziwagawi kwa kura nani atembee na nani akae. Mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na jambo hilo huipandisha namba hata watafiti wakijitahidi kulichuja. Lakini zote zinaelekea upande mmoja, na upande wenyewe ni wa kututia moyo: dozi ni ndogo kuliko tulivyotishwa, na pa kuiweka katika siku pana uzito kama wingi wake. Mwongozo huu ni wa kuipanga dozi hiyo katika siku ya mtu wa Tanga, awe mama lishe, fundi cherehani, karani au mstaafu wa Chumbageni. Mji wetu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka kama zilipigwa rula, na baiskeli tunazo. Wengi wa miji mingine hawana hata kimoja.

Kwanza: jua ulipo

Siku tatu za kawaida, usibadili chochote. Simu ikae mfukoni au kwenye pochi ya kiunoni, si mezani dukani wala kwenye mkoba uliotundikwa msumarini, maana hapo inahesabu upepo. Kila usiku andika namba. Chukua wastani wa siku tatu. Hapo ndipo unapoanzia, na hakuna wa kukucheka.

Huna simu ya kuhesabu? Tumia saa. Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kueleweka hupiga hatua kama 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni hatua elfu moja. Mwendo wa kueleweka ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kumwimbia taarabu. Ukiweza kuimba ubeti mzima bila kukatika, ongeza mwendo.

Siku hizo hizo tatu, pima presha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vipimo vingi vya presha tunavyobeba vichwani vilichukuliwa vibaya. Mtu amefika zahanati kwa miguu juani, amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, muuguzi anamuuliza habari za nyumbani huku mashine inajaza upepo. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha jaribio la jambo hili hili. Mkono uliowekwa pajani ulipandisha namba ya juu kwa karibu pointi 4, na mkono ulioachwa ukining'inia kwa pointi 6 na nusu. Pointi sita na nusu zinatosha kumfanya mzima aonekane ana presha.

Kwa hiyo fanya hivi. Usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Kunja mkono wa shati au shusha bega la dera, mkanda ugusane na ngozi. Mkono ulale juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati, na andika zote. Kama hapana meza, mwombe muuguzi kwa adabu: "Samahani dada, naomba niegemeze mkono." Si ujuaji, ni haki yako. Namba ikifika 140 juu au 90 chini, rudia siku nyingine, na ikiendelea hivyo muone daktari. Ikifika 180 kwa 110, acha mwongozo huu, nenda hospitali leo.

Kipimo cha mwisho ni cha bure. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, uegemeze nyuma ya mguu uliokanyaga, mikono chini, macho mbele. Hesabu kumi. Watafiti wa Brazili walichapisha mwaka 2022 majibu ya watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75. Walioshindwa sekunde kumi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka kama saba iliyofuata, kwa asilimia 84, hata baada ya kuzingatia umri na maradhi. Ukishindwa, usianze kuandika wosia. Maana yake ni kwamba miguu yako inahitaji nguvu, na sehemu ya ukuta huko chini inakuhusu wewe kuliko jirani yako.

Pili: ongeza elfu moja, uache hapo kwa wiki mbili

Kama wastani wako ni 3,000, lengo la wiki mbili za kwanza ni 4,000, si 7,000. Elfu moja ni dakika kumi, na dakika kumi ni kushuka daladala kituo kimoja kabla, au kwenda sokoni Ngamiani kwa miguu badala ya kupanda bajaji. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2020, lilifuta lile sharti la zamani kwamba mazoezi lazima yafike dakika kumi mfululizo ndipo yahesabiwe. Sasa kila dakika ni yako. Wanataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili za kutia misuli nguvu.

Kila wiki mbili ongeza elfu nyingine mpaka ufike 7,000. Mzee wa miaka 70 na kuendelea akifika 5,000 au 6,000 akatulia, asisumbuliwe.

Suala la joto halina mjadala. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mtu anayetembea saa saba mchana barabara ya Pangani anatafuta maradhi. Tembea baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri jua likianza kulegea. Wakati wa masika tembea ndani, varandani, au zunguka stoo za sokoni. Matope ya mitaani yamevunja viuno vingi.

Tatu: upeleke wali kutembea

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili.

Ukila wali wa nazi, ugali au chapati, sukari ya damu hupanda, na kwa wengi hufika kileleni kati ya saa moja na saa moja na nusu baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo hata bila kuisubiri insulini, kemikali ya mwili inayoshusha sukari, ifungue mlango. Ndiyo maana mwendo ule ule, ukifanywa baada ya chakula, hufanya kazi ambayo haufanyi ukifanywa wakati mwingine. Mwaka 2016 Andrew Reynolds na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapa wagonjwa 41 wa kisukari aina ya pili mitindo miwili: kutembea dakika 30 wakati wowote kwa siku, au dakika 10 baada ya kila mlo. Jumla ni ile ile. Lakini sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa mtindo wa pili, na baada ya mlo wa usiku, ambao ndio ulikuwa na wanga mwingi zaidi, kwa asilimia 22.

Huu haukuwa utafiti wa kufuatilia tu. Watu wale wale walijaribu mitindo yote miwili. Mimi naupa uzito kuliko zile tafiti za maelfu ya watu.

Na mlo wetu wa usiku ndio wenye wanga. Mchana mtu anaweza kula muhogo wa kuchemsha na kachumbari, akaendelea na kazi. Usiku anakula sinia la wali na samaki wa kupaka, kisha anakaa barazani mpaka usingizi umchukue. Kwa hiyo:

Kula mapema, ikiwezekana kati ya Magharibi na Isha. Ukimaliza, nawa, kunywa maji, na ndani ya dakika kumi na tano uwe umeshavaa kandambili. Hakuna haja ya raba wala nguo ya michezo. Mwendo ni wa kuagana, si wa kukimbizana. Anayeswali, aiache Isha ya msikiti wa mlangoni mwake aende ya msikiti wa barabara ya tano au ya sita kutoka kwake. Kwenda na kurudi dakika kumi na zaidi zimeshapita bila kuhesabu. Asiyeswali azunguke mtaa mara mbili. Mama ambaye hapendi kutoka usiku azunguke uani, au atembee na wanawe mpaka kwa jirani akarudishe bakuli.

Makorora nilipita usiku mmoja, kijana kakaa juu ya bodaboda yake, mzee wa kanzu anapita polepole na fimbo.

"Shikamoo babu. Unaelekea wapi usiku huu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Naupeleka wali kutembea."

Yule kijana alicheka, lakini mzee alikuwa anasema fiziolojia iliyo sahihi.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu azungumze na daktari wake kwanza, na atembee na peremende au tende mbili mfukoni. Akianza kutetemeka, jasho la baridi na njaa ya ghafla, ale, akae chini. Na mwenye miguu iliyokufa ganzi asivae kandambili, avae kiatu cha kufunika, kisha akague nyayo kwa mwanga akirudi.

Kwa fundi cherehani, karani, na mwenye duka anayekaa kutwa: simama kila baada ya nusu saa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuta kwamba dakika tano za kutembea kila nusu saa zilipunguza mpando wa sukari baada ya kula kwa asilimia 58, na presha ikashuka pointi nne au tano. Walikuwa watu 11 tu, kwa hiyo usiiweke kwenye fremu. Na dakika tano kila nusu saa hakuna tajiri atakayekupa. Lakini kusimama, kwenda kuchota maji mtungini, kufagia mbele ya duka, kumfuata mteja mpaka barabarani badala ya kumwita, hayo hayahitaji ruhusa.

Hapa nyumbani Tanzania tuna watu waliotufundisha jambo kuhusu kukaa. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walipima namna Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanavyopumzika. Walikuta wanapumzika karibu saa kumi kwa siku, sawasawa na watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kabisa. Kwa hiyo bibi anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi, akainuka kuchukua kifuu kingine, akarudi, yuko vizuri kuliko mjukuu aliyejilaza kwenye sofa akisubiri tui. Mpokezane zamu.

Nne: baiskeli ile ile

Mtu wa Tanga huhitaji kumfundisha kunyonga. Anachohitaji ni kuacha kuiona baiskeli kama alama ya kukosa pikipiki. Mwaka 2017 watafiti wa Glasgow walichapisha katika jarida la BMJ habari za zaidi ya watu 260,000 wa Uingereza na jinsi walivyokwenda kazini. Waliokwenda kwa baiskeli, wakilinganishwa na wa gari na basi, hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 41 katika miaka mitano hivi waliyofuatiliwa. Wa miguu walipata faida pia, ndogo zaidi, hasa upande wa moyo.

Simu haihesabu hatua ukiwa juu ya tandiko, kwa hiyo hesabu dakika. Siku uliyonyonga nusu saa, usijilaumu kwa hatua elfu nne.

Rekebisha tandiko. Wengi wetu tunanyonga magoti yakiwa karibu na kidevu kwa sababu baiskeli ilinunuliwa hivyo na haikuguswa tena. Kaa juu, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke karibu wote. Ukibaki umepinda sana, mpelekee fundi akupandishie bomba la tandiko. Goti linalouma mbele kila jioni mara nyingi linaomba hilo tu. Funga kioo au angalau kengele inayolia, na usiku weka taa nyuma, maana malori ya barabara ya kwenda Muheza hayakuoni.

Uliyefungwa dukani Jumatatu mpaka Jumamosi nawe hujaachwa. Mwaka 2023 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa karibu watu 90,000 wa Uingereza waliovaa vipimo mkononi. Waliobana sehemu kubwa ya mazoezi yao katika siku moja au mbili walipata faida kwa moyo karibu sawa na walioyagawa wiki nzima. Jumapili moja kwenda na kurudi mapango ya Amboni, yaliyo kama kilomita nane kaskazini mwa mji, inakupa sehemu nzuri ya wiki yako. Beba maji, rudi kabla jua halijawa kali.

Tano: vipande vya haraka

Mwaka 2022 Emmanuel Stamatakis na wenzake walichapisha katika Nature Medicine habari za watu 25,241 waliosema wazi kwamba hawafanyi mazoezi kabisa. Vipimo mkononi vilionyesha kuwa baadhi yao walikuwa na vipande vya dakika moja au mbili vya kuhema katika shughuli za kawaida, kama mara tatu kwa siku. Hao walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 38 hadi 40, na kwa maradhi ya moyo karibu nusu.

Tatizo la Tanga ni kwamba hatuna mlima wa kutuhemesha. Basi utafute: ngazi za jengo lolote la ghorofa, mbio mbio, si kwa kuvuta reli. Ndoo ya lita ishirini kutoka bombani. Mchanga wa ufukweni Raskazone maji yakiwa yamekupwa, dakika moja ya mwendo mkali inatosha kukukatisha maneno. Kwenye baiskeli, chagua sehemu tulivu na unyonge kwa nguvu zote kwa dakika moja, kisha ulegeze. Mara tatu kwa siku, basi.

Sita: ukuta

Hili ni zoezi la kuegemea ukuta kama umekalia kiti kisichokuwepo. Ni jipya kwa wengi, na kwa mwenye presha iliyoanza kupanda ni la thamani. Mwaka 2023 Jamie Edwards na wenzake wa Uingereza walikusanya majaribio 270 ya mazoezi na presha. Kila aina ya zoezi ilishusha, lakini iliyoshinda zote ni mazoezi ya kukaza misuli bila kujongea: namba ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 8, wakati kutembea na kukimbia vilishusha 4 na nusu. La ukuta likatajwa kuwa lenye nguvu zaidi kwa namba ya juu.

Tafuta ukuta imara. Ukiwa wa chokaa utakuachia mgongo mweupe, kwa hiyo tundika kanga kuukuu. Sakafu isiwe na maji. Sakafu ya sementi iliyosuguliwa huteleza hata kwa nyayo kavu, simama juu ya mkeka wa mpira au vaa viatu. Egemeza mgongo wote, peleka nyayo mbele kiasi cha urefu wa nyayo mbili, upana wa nyonga. Teremka polepole mpaka ufike mahali ambapo mapaja yanaanza kuongea. Usiende chini kabisa siku ya kwanza. Wenye nguvu hufika magoti yakakunjika pembe mraba. Wewe anza juu zaidi, kama mtu aliyekalia kiti kirefu cha saluni. Magoti yaelekee kule vidole vinakoelekea, yasiinamiane.

Baki hapo. Mikono isikandamize mapaja. Na hapa ndipo watu wanapokosea: wanabana pumzi. Ukibana pumzi, presha inaruka juu palepale. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, au kuongea na mtu aliyeko jikoni.

Dakika mbili, kisha simama, pumzika dakika mbili. Rudia mpaka ziwe nne. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, au siku zako mwenyewe. Dakika mbili zitakuwa ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Ukiweza sekunde 40 tu, fanya sekunde 40 mara nne, uongeze kumi kila wiki. Wiki ya nane pima presha tena kwa utaratibu ule ule wa mwanzo. Mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, na mwenye magoti mabovu wasianze bila kumuuliza daktari.

Saba: jikoni, kwa ufupi

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hakuna anayepima kijiko chungu kikiwa jikoni, kwa hiyo pima pakiti. Nyumba ya watu wazima sita ina gramu 30 kwa siku, ndiyo kusema pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 16. Andika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Ikiisha kwa siku tisa, tatizo limeonekana, na hapo bado hujahesabu mkate, mchuzi wa mchemraba, achari, na embe ya kuchovya. Papa mkavu na ng'onda loweka maji ya vuguvugu, mwaga, rudia mara ya pili. Utamu haupungui kama wanavyosema.

Kuna chumvi iliyochanganywa na potasiamu. China, katika vijiji 600 na watu kama 21,000 waliokuwa wamepata kiharusi au wazee wenye presha, waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi wachache kwa asilimia 14. Majibu yalitoka mwaka 2021. Ukiikuta dukani, ni nzuri kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, na anayemeza dawa za presha aulize kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizo tayari hupandisha potasiamu.

Kuhusu chakula chenyewe, tuna ushahidi wa hapa hapa. Mwaka 2025 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walichapisha katika Nature Medicine jaribio la vijana 77 wa Kilimanjaro. Waliotolewa kwenye chakula cha kijijini wakapewa cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Waliohamishwa kutoka chakula cha mjini kwenda cha asili, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baadaye. Kwa Tanga hilo lina maana ya bada (ugali wa muhogo) na samaki, mchunga, kisamvu, mbaazi, kunde, muhogo wa kuchemsha na chungwa la Muheza linaloliwa na nyama zake badala ya kukamuliwa. Chipsi mayai na soda ziwe za siku moja moja. Asubuhi ya mbaazi za nazi ni njema. Ni idadi ya mandazi pembeni yake inayotaka kuangaliwa.

Nane: saa ya kulala

Utafiti wa watu karibu 61,000 wa Uingereza, uliochapishwa katika jarida la Sleep, ulionyesha kuwa kulala na kuamka saa zile zile kila siku kulitabiri uhai mrefu kuliko idadi ya saa. Anayeamka Alfajiri kila siku ameshashika ncha moja. Abane ya pili: simu iwekwe chumba kingine, na mechi ya saa nne usiku isiwe ya kila siku.

Mahali pa kusimama

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, kuhema kusikolingana na mwendo, kizunguzungu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili: acha, kaa, ita mtu, uende hospitali. Usisubiri asubuhi, na usiende peke yako kwa baiskeli.

Ukianza mpango huu ukiwa unameza dawa za presha au sukari, endelea kumeza. Wiki ya nane beba karatasi uliyoandikia vipimo, zile siku tatu za mwanzo na hizi za sasa, umpelekee daktari ziwe bega kwa bega. Akiona namba zimeshuka, yeye ndiye atakayepunguza kidonge. Na kama hazijashuka kabisa, usiache dakika kumi za baada ya chakula cha usiku. Mwombe aangalie dawa, figo, na chumvi, kwa mpangilio huo.